Wafuasi 38,000 na Hupati Dereva Hata Mmoja: Kufolo Watu Kama Njugu Dhidi ya Koneksheni za Ukweli kwa Ajenti wa Kazi Sisibo

Leo tupumzishe maselebu kidogo, tuongee kuhusu jobo. Na leo siongei na wewe unayetarmac, naongea na yule msee wa upande ule mwingine wa meza: wewe unayetafutia kampuni watu wa kazi. Ukiwa unatarmac bado soma, utajua ni ajenti gani wa kukimbia.

Tuseme una ofisi ndogo ghorofa ya tatu kando ya Uganda Road hapa Eldoret. Meza mbili, laptopu moja, kalenda ya benki kwa ukuta. Kampuni inakupigia simu: inataka madereva sita wa trela, leseni ya CE, wenye wamezoea njia ya Malaba, na inawataka kufikia Jumatatu. Unaingia kwa akaunti yako yenye wafuasi 38,000 na unaposti. Kufikia jioni una laiki 900 na komenti mia tatu na kitu. "Niko tayari boss." "Boss nisaidie na mimi." "Kazi iko wapi?" "Mimi ni mwalimu wa chekechea lakini naweza jifunza." Msee mmoja ameweka tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Dereva wa trela? Sufuri.

Hiyo si hadithi ya kutunga. Akaunti ilikuwa ya bosi wangu wa zamani, na wafuasi 38,000 niliwaleta mimi kwa hizi vidole zangu. Kwa hivyo nikikwambia mambo ya kufolo watu kama njugu, naongea kama mtu alikuwa jikoni.

Kufolo kama njugu ni nini hasa?

Ni rahisi kuliko unavyofikiria. Unachagua akaunti kubwa yenye watu unaowataka, mfano akaunti inayoposti kazi kila siku. Unaingia kwa orodha ya wafuasi wake na unaanza kufolo mmoja mmoja, bila kusoma jina, bila kuangalia mtu anafanya kazi gani. Kati ya kila watu kumi, watatu au wanne watakufolo tena, ama kwa heshima au kwa sababu nao wanatafuta namba. Baada ya siku tatu unarudi na kuwatoa wale hawakukufolo, na pia wale walikufolo, ili wewe uonekane unafuatwa na wengi na wewe mwenyewe unafuata wachache. Hiyo ndiyo sura ya mtu mkubwa mtandaoni. Kesho asubuhi unaanza tena.

Kuna ndugu zake pia. Kuna zile treni za X ambapo msee anaposti "wote tufolo wote" na watu wanajirusha ndani. Kuna kununua wafuasi, ambao wengi ni akaunti tupu zenye jina la Kihindi na picha ya maua. Kuna kutuma mialiko ya LinkedIn kwa kila mtu mwenye neno "HR" kwa wasifu wake. Na kuna ile ya kuingiza watu kwa grupu la WhatsApp bila kuwauliza. Unaamka asubuhi unajikuta kwa "KAZI MPYA 2024 GRUPU 7" na watu 1,023 usiowajua. Hiyo mimi naihesabu kama kuvunja nyumba.

Mitandao yenyewe inajua huu mchezo, ndiyo maana imeweka geti kila mahali. Kwa X, akaunti ya kawaida inaruhusiwa kufolo watu 400 kwa siku, na ukifika 5,000 unazuiwa mpaka wafuasi wako nao waongezeke. Sheria zao zinakataza waziwazi hii ya kufolo na kutoa, kufolo na kutoa. Instagram inakukatia kwa watu 7,500. Facebook, marafiki 5,000. LinkedIn inakuruhusu koneksheni 30,000 lakini inaweka kikomo cha mialiko kila wiki, na watu wengi wakibonyeza kwamba hawakujui, inaanza kukubana. Sasa jiulize, kama hii kitu ingekuwa ya maana kwa biashara zao, si wangekuachilia tu?

Venye nilichoma picha

Niliacha kampasi mwaka wa pili. Karo ilikataa kuisha na mimi nikakataa kuendelea kujifanya itaisha. Nikaanza kuandikia watu posti, na hapo ndipo ajenti mmoja wa kazi hapa mjini akaniita. Jina lake naliacha. Alikuwa analipa Sh8,000 kwa mwezi, na maagizo yalikuwa mstari mmoja: "Nataka tuwe wakubwa."

Basi nikafolo. Mia nne asubuhi, nikinywa chai. Baada ya siku tatu natoa mia nne. Miezi saba hivyo. Kufikia mwisho tulikuwa 38,000 na bosi alikuwa ameprinti hiyo namba kwa bango la mlangoni. Kampuni zikija, anawaonyesha. Na kusema ukweli, mara ya kwanza ilifanya kazi: tulipata oda mbili kwa sababu ya hiyo bango. Nisidanganye kwamba namba kubwa haifungui mlango wowote. Inafungua ule wa wateja wasiouliza maswali, na oda hiyo ya kwanza ndiyo huwa inakuanika.

Hiyo ya madereva sita ilikuwa oda ya tatu. Kwa zile komenti zote, waliotuma leseni walikuwa wawili. Moja ilikuwa ya pikipiki. Ya pili tulipoikagua haikuwa ya yule mtu. Ijumaa jioni bosi amekaa ameshika kichwa. Aliyetuokoa ni mama anayeuza chai na mandazi Maili Nne, pale matrela hupaki. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa mteja wake. Alimuuliza tu, kama mtu anauliza bei ya nyanya, "Mathe, hujui madereva wako bila gari saa hii?" Mama akahesabu kwa vidole. Huyu kampuni yake ilifunga, yule aligombana na bosi kuhusu mafuta, huyu ni mzuri lakini usimpe gari mwisho wa mwezi. Kufikia Jumapili jioni tulikuwa na watu watano, na wa sita aliletwa na mmoja wao.

Mama huyo hana hata akaunti ya Facebook.

Hapo ningekuwa nimejifunza, lakini wapi. Kilichonitoa kwa hiyo kazi ni kitu kingine. Wakora walichukua logo yetu na picha zetu, wakafungua peji ya Facebook yenye jina letu na nukta moja mwishoni. Wakaanza kuposti kazi za supamaketi, za mahoteli, za kila kitu, na "ada ya usajili Sh1,500 pekee". Asubuhi moja msichana akafika ofisini kutoka Turbo, amevaa nguo ya kanisani, amebeba bahasha ya vyeti. Alikuja kuripoti kazini. Akatoa simu akatuonyesha meseji ya M-Pesa. Ile namba haikuwa yetu, na hatukuwa tumewahi kuongea naye.

Lakini alikuwa anatufuata. Akaunti ya ukweli, ile yangu. Nilikuwa nimemfolo mimi, akanifolo, nikamtoa siku tatu baadaye. Ndivyo alijua jina letu. Na kwa sababu kwa miezi saba hatukuwa tumejibu mtu yeyote chochote, hakuwa na njia ya kujua sauti yetu ni gani na ya wakora ni gani. Zote zilikuwa zinaongea vilevile: herufi kubwa, moto, moto, "wahi mapema".

Bosi alimpa nauli ya kurudi. Mimi nilimaliza mwezi nikaondoka.

Kwa nini hapa Sisibo ni noma zaidi

Kila mji una wakora, lakini Eldoret ina kidonda chake. Mwaka wa 2021 serikali ya kaunti ya Uasin Gishu ilianzisha mpango wa kupeleka vijana kusoma Ufini, ule mtaani tulizoea kuuita Finland tu, na baadaye Kanada. Wazazi walilipa mamia ya maelfu ya shilingi kwa akaunti ya hazina iliyosimamiwa kupitia kaunti. Watu waliuza ng'ombe. Watu waliuza shamba. Wengine watoto wao waliondoka, halafu karo ikakosa kufika vyuoni. Wengine hawakuondoka kabisa. Mwaka wa 2023 wazazi na wanafunzi waliingia barabarani hapa mjini, na Agosti mwaka huo Seneta Jackson Mandago, aliyekuwa gavana mpango ukianza, alifikishwa kortini Nakuru pamoja na wenzake kwa mashtaka ya kula njama ya kuiba zaidi ya Sh1.1 bilioni. Walikana mashtaka.

Sasa elewa hii vizuri, kwa sababu ajenti wengi huipita haraka. Finland haikuwa mchezo wa akaunti feki ya mtandaoni. Ilikuwa na muhuri wa serikali, ofisi inayojulikana, na watu ambao ulikuwa unaweza kuwasalimia kanisani. Kama vyote hivyo havikumlinda mzazi wa Moiben au Ziwa, wewe na wafuasi wako 38,000 unamwambia nini? Unapoposti "nafasi ya kazi" hapa Eldoret, unaongea na mtu ambaye binamu yake, jirani yake ama yeye mwenyewe bado anadai pesa. Atakupima kwa kumuuliza mtu anayemwamini: "Unawajua hawa?" Kama hakuna mtu hata mmoja katika maisha yake anayeweza kusema "Ndiyo, walimpatia shemeji yangu kazi," hiyo posti yako imekufa.

Na anayekufa nayo kwanza ni yule mtu mzuri unayemtaka. Mwenye ujuzi na akili timamu ndiye anakuwa wa kwanza kukimbia. Anayebaki kwa komenti ni yule ameshakata tamaa. Ndiyo maana komenti ni mia tatu na dereva hakuna.

Watafiti wanasema aje?

Hii maneno ya koneksheni ina wenyewe waliyoisoma. Mwaka wa 1973 mwanasosholojia wa Marekani anaitwa Mark Granovetter alichapisha makala iliyokuja kuwa maarufu sana. Aliuliza watu waliokuwa wamebadilisha kazi kupitia mtu waliyemjua: huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema "mara nyingi" walikuwa asilimia 16.7 pekee. "Mara moja moja" ilikuwa asilimia 55.6, na "nadra" asilimia 27.8. Maana yake, jobo haikutoka kwa beste wa damu, ilitoka kwa yule mtu wa kusalimia. Sababu yake inaeleweka: mabeste wako wanajua kile unachojua tayari. Yule wa mbali kidogo anakaa mahali habari zingine zinapita.

Sasa ajenti mmoja akisoma hapo anaruka juu: "Si unaona! Nifolo watu wengi nisiowajua!" Tulia kwanza. Mwaka wa 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa uliofanywa ndani ya LinkedIn. Kati ya 2015 na 2019 walibadilisha aina ya watu ambao mtandao unakupendekezea, kwa watumiaji zaidi ya milioni 20 (wengi hawakuwa na habari wako kwa jaribio, na hiyo ilileta kelele yake). Humo ndani zilizaliwa koneksheni mpya bilioni 2 na kazi mpya 600,000. Walipata kwamba Granovetter alikuwa sahihi, lakini kwa kipimo. Koneksheni zilizosaidia zaidi zilikuwa za katikati: mtu ambaye si wa ndani kabisa, lakini mna watu kadhaa mnaowajua pamoja. Ukienda mbali zaidi ya hapo, hadi kwa mtu ambaye hamna uhusiano karibu wowote, faida inashuka.

Kwa lugha ya mtaa: mgeni kabisa ni bure, beste wa damu ni mzigo, mtu wa "tulisoma na kakake" ndiye dhahabu. Kufolo kama njugu inakujazia wale wageni kabisa.

Kuna kitu kingine kwa huo utafiti ambacho kwa Eldoret ni cha maana sana, na sijaona ajenti yeyote akikitaja. Koneksheni za mbali zilisaidia zaidi kwa kazi za kidijitali, zile za kompyuta na za kufanyia nyumbani. Kwa kazi zisizo za kidijitali, uhusiano wa karibu ndio ulifanya kazi vizuri zaidi. Kwa hivyo ukitafuta msee wa kuandika programu, nenda LinkedIn na uongee na watu wa mbali. Ukitafuta dereva wa trela, fundi wa welding ama mpishi wa shule, rudi kwa sako, kwa chama, kwa mama wa chai. Ajenti anayetumia njia moja kwa kila kazi anajitafutia ngori.

Na kabla ya simu zote hizi, huku kwetu watu walikuwa wanafanya usajili wa maana. Chukua riadha. Eliud Kipchoge akiwa kijana huko Nandi alimwendea Patrick Sang, aliyeshinda fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa Olimpiki ya Barcelona 1992, akamwomba programu ya mazoezi. Sang hakuwa na kalamu wala karatasi, akachukua kijiti akamwandikia kwa mkono. Wiki mbili baadaye kijana akarudi, amemaliza, anataka ingine. Akarudi tena. Na tena. Mwaka wa 2003 huyo kijana alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 pale Paris. Angalia upande wa Sang kwa hiyo hadithi: alitoa kitu kidogo cha bure, akaangalia nani anarudi. Sijui njia ya kupima mtu inayoshinda hiyo.

Sasa koneksheni ya ukweli inajengwa aje?

Anza na WhatsApp, kwa sababu hapo ndipo Kenya inaishi. Kuna kitu inaitwa orodha ya matangazo, ile ya kutuma meseji moja kwa watu wengi na kila mmoja anaipata kama meseji yake binafsi. Mwisho ni watu 256 kwa orodha moja. Lakini siri iko hapa: meseji inamfikia tu yule ambaye amesevu namba yako. Kama hajakusevu, haifiki, hata ukituma mara kumi. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo bora cha koneksheni ambacho mtandao wowote umewahi kutengeneza, na hata sidhani walikusudia. Wafuasi 38,000 wanaweza kuwa hewa. Watu 200 waliosevu "Ajenti wa Kazi Uganda Road" kwa simu zao walifanya uamuzi. Walikuona wa maana.

Watasevu kwa nini? Kwa sababu ulijibu. Hii ndiyo kazi yenyewe na haina njia ya mkato. Mtu akituma CV na hafai, mwambie hafai na umwambie kwa nini. "Asante, hii kazi inataka leseni ya CE na yako ni B. Ukipandisha daraja nitumie." Inakuchukua sekunde arobaini. Nchi hii ina vijana wametuma CV mia mbili na hawajawahi kupata jibu hata la "hapana". Wewe ukiwa wa kwanza kumjibu, huyo mtu atakutaja kwa meza ya chakula jioni hiyo hiyo, na kwa hiyo meza kuna mjomba ana CE.

Posti yako nayo iwe na nyama. Kazi ni wapi, ni ya nani kama mteja amekubali kutajwa, mshahara ni kati ya ngapi na ngapi, mwisho wa kutuma ni lini, na sentensi moja kwamba hamuitishi pesa yoyote. Ukienda X tumia #IkoKaziKE kama wenzako, hashitegi hiyo Wakenya wengi wanaitafuta wenyewe, kwa hivyo anayefika kwako amekuja kwa miguu yake. Baada ya kazi kujazwa, rudi useme imejazwa. Najua inaboesha. Lakini posti ya kazi iliyojazwa ikiendelea kuzunguka wiki tatu, ndiyo wakora huokota na kuibandika logo yako.

LinkedIn, punguza spidi. Mialiko mitano kwa siku yenye sababu inashinda hamsini bila neno. "Nimeona ulifanya attachment na jamaa fulani pale Rivatex, natafuta mtu wa mashine kama hizo" ni sentensi moja, na inamwonyesha kuna mtu mmoja kati yenu. LinkedIn yenyewe inakupa motisha: ukiwa unalipia zile meseji za kuandikia usiowajua, mtu akikujibu ndani ya siku 90 unarudishiwa ile krediti. Asipojibu, imeenda.

Halafu toka nje ya simu. Eldoret tuna bahati ya kuwa na Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret, Eldoret National Polytechnic na hospitali ya rufaa ya MTRH ndani ya mji mmoja na viunga vyake. Huko vyuoni kuna watu wanashughulikia attachment, na walimu wa warsha wanaojua ni mwanafunzi gani ana mkono na ni gani ana mdomo. Mwalimu mmoja wa welding anayekuamini ni grupu zima la WhatsApp. Lakini ukimletea aibu mara moja, ukipeleka mwanafunzi wake kwa kampuni isiyolipa, hiyo simu haitashikwa tena. Hapo ndipo utofauti uko: mfuasi ukimkosea anabonyeza kitufe anaenda, mtu wa ukweli ukimkosea unapoteza kila mtu nyuma yake.

Na hii ina upande mbaya, nisiuuze kama dawa. Koneksheni Kenya ina harufu. Tunajua ile ya "unajua nani", kazi kwenda kwa kabila moja, familia moja, kanisa moja. Kama mama wa chai wako wote wako Maili Nne, utaleta watu wa Maili Nne pekee, na kijana wa Langas au Huruma atabaki nje milele hata akiwa na leseni safi. Kwa hivyo posti ya wazi bado inahitajika, ili yule asiye na mtu aingie. Posti kwa wote, halafu tumia watu wako kuthibitisha, si kuchagua. Na tafuta watu wako kwa mitaa tofauti makusudi. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika, na ajenti wengi, hata wazuri, huishia kwa mduara mmoja.

Karatasi nazo

Ajenti wa kazi wa binafsi Kenya anatakiwa kuwa na leseni kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. NEA huchapisha orodha ya waliosajiliwa. Weka namba ya leseni yako juu kabisa ya wasifu wako, pale ulipokuwa umeandika "CEO, Mwotaji ndoto", na uwaambie watu waende waikague huko NEA, si kwako. Huna leseni? Basi shida yako ya kwanza si wafuasi.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. CV ni data ya mtu: jina, simu, wakati mwingine namba ya kitambulisho na mahali anakaa. Akikupa kwa kazi moja, hujapewa ruhusa ya kuitupa kwa grupu la maajenti wenzako ama kumtumia matangazo ya mkopo. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au asilimia 1 ya mauzo yako ya mwaka uliopita, kile kilicho kidogo. Kuchota namba za watu kutoka kwa grupu na kuziingiza kwa grupu lako, bila kuuliza, kunakuweka karibu sana na huo moto.

Kama tayari una akaunti iliyofura kama yetu, usiifute. Acha kufolo leo. Ondoa ile namba kwa bango. Bandika posti moja juu yenye namba ya leseni, anwani ya ofisi, saa za kufungua na ile sentensi ya kutoitisha pesa, na utafute jina lako Facebook kila Jumatatu uone kama kuna pacha wako. Ukimpata, mripoti, halafu uwaambie wafuasi wako siku hiyo hiyo kwa jina na picha. Sisi pacha wetu alikaa wiki tano kabla ya yule msichana wa Turbo kupanda ngazi. Hakuna mtu kati ya 38,000 alikuwa ametuambia, na hatukuwa tumetafuta.